Tusijipime kwa mchele peke yake

Kila likizuka suala la Zanzibar kujitosheleza kwa chakula, mazungumzo huishia kwenye mchele: bonde la Cheju limelimwa kiasi gani, mifereji imefika wapi, bei ya mchele wa mapembe imepanda vipi. Kwa mchele, mimi sioni tukijitosheleza. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na mpunga unataka bonde na maji. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni maweni, yaani ardhi ya mawe, na Micheweni kule Pemba ni hivyo hivyo. Kuna mabonde Pemba yameshaingiliwa na maji ya bahari, na shamba likishashika chumvi halirudi kwa msimu mmoja. Tulime kila bonde lililobaki, wala tusilijenge nyumba, lakini tusidanganyane.

Sasa itazameni Ramadhani. Mwezi mzima tunafuturu muhogo, majimbi, ndizi mbichi, viazi vikuu na mashelisheli kwa tui la nazi, na hakuna anayelala akilalamika kuwa hakula. Idi ikishapita tunarudi kwenye mchele wa kutoka Pakistan, na muhogo tunauona chakula cha shida. Najua kidonda kilipo. Wazee wetu hawajasahau mgao wa mchele wa miaka ya mwanzo ya 1970, muhogo ulipoliwa kwa kukosa. Hata hivyo, ule muhogo haukuwa na kosa.

Pita mashamba ya Pemba msimu wa mashelisheli: yameanguka chini ya miti, yamepasuka, nzi wamejaa. Shelisheli likishachumwa, siku mbili tatu limelainika. Lakini ukilikata vipande ukalianika, unapata unga, kama bibi zetu walivyoanika muhogo wakapata makopa. Kinachokosekana ni pa kukaushia na mashine ya kusagia karibu na mkulima. Fedha zianzie hapo, na kwenye mbegu za muhogo kama Kizimbani na Mahonda, zinazostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Zimfikie mkulima wa maweni pia.

Linaloniuma zaidi ni kuona ndizi na viazi vya futari vikishushwa bandarini kutoka Bara, bei juu, ilhali Ramadhani haijawahi kutujia kwa ghafla. Muhogo hukaa ardhini kama miezi tisa hadi mwaka. Mabwana na mabibi shamba wakae na wakulima mara tu baada ya Idi, wapange nani apande nini na kwa soko lipi, Mwanakwerekwe au Chake Chake.