Kufupisha Safari ya Everest: Hatari Inaondoka au Inahamia kwa Mwingine?

Mwezi Mei 2025 Waingereza wanne walitoka London, na kabla wiki haijaisha walikuwa wamesimama juu ya Everest, mita 8,848.86 kutoka usawa wa bahari. Kwa utaratibu uliozoeleka, safari hiyo hula karibu miezi miwili. Wao walikuwa wamelala wiki nyingi nyumbani ndani ya mahema yenye hewa iliyopunguzwa oksijeni, na kabla ya kupanda ndege walivutishwa gesi ya xenon kliniki. Mwandaaji wao, Lukas Furtenbach wa Austria, alishikilia kwamba safari fupi ndiyo salama zaidi.

Kelele zilizofuata ziliihusu xenon. Kamisheni ya tiba ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, ilikuwa imekwisha kutamka Januari mwaka huohuo kwamba hakuna ushahidi kuwa gesi hiyo humwongezea mtu uwezo milimani, na kwamba ikitumiwa isivyofaa ni hatari. Katika michezo ya mashindano imepigwa marufuku tangu 2014. Kwa maoni yangu, ubishi huo uliwavuta watu upande mwepesi wa jambo. Iondoe xenon kabisa, swali zito litabaki palepale, na linamhusu kila anayepanga kupanda mlima mrefu sana akiwa na waongozaji wa kulipwa: siku zikipunguzwa, hatari iliyokuwemo ndani ya siku hizo inakwenda wapi?

Mwili ndio unaoweka masharti. Kileleni mwa Everest kanieneo ya hewa ni kama theluthi moja tu ya ile ya pwani. Mtu akipelekwa pale ghafla kutoka chini bila mtungi wa oksijeni, atapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Akipandishwa taratibu, mwili hujirekebisha: siku za mwanzo pumzi huongezeka, figo zikarekebisha uwiano wa asidi kwenye damu, na wiki kadhaa baadaye chembe nyekundu zinakuwa nyingi. Kwa sababu hiyo madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike bila kupanda. Anayepuuza anakaribisha maji kwenye mapafu au uvimbe wa ubongo, na vyote viwili huua.

Utaratibu wa zamani uliupa mwili muda huo. Mgeni anashuka kwenye ndege Lukla, mji mdogo wa Nepal ulio karibu mita 2,850, anatembea zaidi ya wiki hadi kambi kuu iliyo juu ya mita 5,300, kisha anapanda hadi kambi ya pili na kushuka, anapanda hadi ya tatu kwenye mita 7,200 hivi na kushuka tena. Baada ya hapo anasubiri upepo mkali wa anga za juu usogee kaskazini, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kwa siku chache mnamo nusu ya pili ya Mei, kabla mvua za monsuni hazijafika.

Hoja ya wanaofupisha ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyotaka kukubali. Kati ya kambi kuu na kambi ya kwanza kuna maporomoko ya barafu ya Khumbu, mto wa barafu usioacha kusogea, wenye nyufa zinazovukwa kwa ngazi za alumini na minara ya barafu inayoweza kuanguka saa yoyote. Ustadi hapo hausaidii sana. Bingwa na mwanafunzi wakiwa chini ya mnara uleule, unawaangukia wote. Kinachopunguza hatari ni kupita mara chache na kupita upesi, basi. Kila mzunguko wa kuzoea mwinuko unaoondolewa kwenye ratiba ni kupita Khumbu mara mbili pungufu, kwenda na kurudi. Kukaa kambini nako si bure. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la Nepal liliporomosha theluji na barafu juu ya kambi kuu yenyewe, likaua watu waliokuwa kwenye mahema yao, si waliokuwa kwenye kamba. Isitoshe, juu ya mita 5,000 na ushei mwili unanyauka polepole. Misuli inapungua, kikohozi kinakataa kwisha, tumbo linasumbua, usingizi unakuwa wa vipande. Baadhi ya wanaofika wiki ya kupanda kilele baada ya mwezi mzima juu huko wanafika wakiwa dhaifu kuliko walivyoingia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema safari fupi ni uvivu wa matajiri. Kupunguza siku za kukaa mahali panapoua bila kuchagua ni busara.

Tatizo ni kwamba hema la nyumbani halimalizi kazi. Linapunguza oksijeni bila kupunguza kanieneo ya hewa, wala halina baridi, upepo na hewa kavu inayochana koo. Mtu hulala humo, asubuhi anatoka kwenda kazini akivuta hewa ya kawaida. Anapata kiasi cha uzoefu wa mwinuko, hilo halina ubishi, lakini pengo linabaki, na pengo hilo huzibwa kwa mtungi.

Hesabu yake si ngumu. Mtungi wa lita 4 uliojazwa kwa kanieneo ya baa 300 una takriban lita 1,200 za gesi. Ukiuachia lita 2 kwa dakika, utadumu saa 10. Kwa lita 4 utadumu saa 5, na kwa lita 8 saa 2 na nusu tu. Safari za haraka hutegemea kiwango cha juu, tena huanza kutumia oksijeni mapema, wakati mgeni bado yuko chini sana ya kilele. Kila unapozungusha kirekebishi, yaani kifaa kinachopima gesi inayotoka, upate pumzi zaidi, unaagiza mtungi mwingine, na mtungi haupandi mlima wenyewe.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mitungi, mahema, gesi ya kupikia na chakula huvushwa Khumbu migongoni mwa Washerpa na wafanyakazi wengine wa Nepal, wanaoanza kazi hiyo wiki kadhaa kabla mgeni hajafunga begi lake. Mgeni wa haraka atajivunia kwamba amepita maporomoko mara mbili tu. Aliyembebea mitungi huenda amepita mara nyingi zaidi ndani ya msimu uleule, akiwa na kilo nyingi mgongoni, nyingi za safari hizo zikianza usiku wa manane wakati barafu imeganda. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliyoporomoka Khumbu iliwaua watu 16. Wote walikuwa wafanyakazi wa Nepal; hakuna mgeni hata mmoja. Siwezi kuisoma ratiba ya safari yoyote ya Everest bila kuikumbuka orodha ile, na ndiyo maana tangazo linalosema “tumepunguza hatari” hunifanya nitake kujua wamempunguzia nani.

Haki inanidai niseme na upande wa pili wa jambo hili. Siku chache za mgeni kambini zinamaanisha chakula kidogo, mafuta kidogo na taka kidogo, navyo pia vingebebwa na watu. Halafu kuna droni. Aprili 2024 ilijaribiwa droni iliyobeba mitungi ya oksijeni kutoka kambi kuu hadi kambi ya kwanza, na msimu wa 2025 droni zilitumika kupandisha vifaa na kushusha taka. Kazi ya saa kadhaa za hofu ndani ya Khumbu inafanywa kwa dakika. Hilo linanipa matumaini kuliko gesi yoyote ya kuvuta, na mwandaaji anayelipia droni ili wabebaji wake wasipite pale anastahili kusifiwa waziwazi. Lakini juu ya kambi ya kwanza mzigo unarudi mgongoni.

Tatizo la pili: fikiria siku mtungi utakapokwama. Virekebishi huganda, barakoa huziba kwa barafu, na foleni hula gesi iliyopigiwa hesabu ya mwendo. Picha aliyoipiga mpanda milima wa Nepal, Nirmal Purja, tarehe 22 Mei 2019, watu wamebanana kwenye ukingo chini ya kilele, ilizunguka dunia nzima. Kila aliyekuwa kwenye msururu ule akitumia mtungi alikuwa akiumaliza akiwa amesimama. Wapanda milima Reinhold Messner na Peter Habeler walithibitisha tarehe 8 Mei 1978 kwamba mwili uliozoezwa unaweza kufika kilele kile na kushuka bila oksijeni ya ziada. Simtaki kila mgeni awe Messner. Nataka tu mpango wake umwachie akiba ya kutosha kushuka hadi kambi ya nne akiwa hai iwapo hewa ya mtungi itakatika ghafla. Aliyezoea taratibu ana akiba kubwa zaidi kuliko aliyefika juzi, na hapo safari fupi inadaiwa jibu ambalo vipeperushi vyake havilitoi.

Husemwa pia kwamba safari ndefu humpa mwongozaji nafasi ya kumjua mgeni wake: anavyotembea akichoka, anavyonyamaza akiumwa. Ni kweli kabisa, na huwezi kukijua hicho kwa kusoma fomu ya afya. Ila kujuana kuna makali yake. Mwaka 1995 Rob Hall wa New Zealand alimgeuza mteja wake Doug Hansen karibu na kilele cha kusini, kilima kilicho chini kidogo ya kilele chenyewe, kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda. Hansen alirudi mwaka uliofuata, na tarehe 10 Mei 1996 akafika juu kama saa 10 alasiri, saa mbili baada ya saa 8 mchana iliyotajwa kuwa mwisho. Hall, mwongozaji mzoefu mno, alibaki naye. Hawakurudi, na dhoruba iliyovuma mlimani wakati huo iliua watu 8. Ukaribu ambao ungemsaidia Hall kumsoma mgeni wake huenda ndio uliomfanya ashindwe kumnyima kilele mara ya pili. Mimi najifunza hapo kwamba saa ya kugeuka haifai kuachiwa uhusiano wa watu wawili, uwe wa siku tano au wa miezi miwili. Iandikwe kwenye mkataba, na mtu aliye kambini mwenye redio awe na mamlaka ya kuitamka.

Serikali ya Nepal nayo imeanza kubana. Ada ya kibali cha Everest msimu wa machipuko ilipandishwa mwaka 2025 kutoka dola 11,000 hadi 15,000, na kanuni mpya zinataka kila wapandaji wawili kwenye milima ya zaidi ya mita 8,000 wawe angalau na mwongozaji mmoja. Ukapelekwa pia bungeni muswada unaomtaka mwombaji awe amekwisha kupanda mlima wa mita 7,000 ulioko Nepal. Naunga mkono nia ya sharti hilo kwa moyo wote, maana mlima wa mita 7,000 ungemfundisha mgeni wa haraka jambo ambalo hema la chumbani haliwezi. Ila kulazimisha mlima huo uwe wa Nepal kunanuka mapato zaidi ya usalama. Aliyepanda mita 7,000 Pakistani au Tajikistani ameteswa na hewa ileile.

Nikiulizwa na mtu anayepanga sasa hivi, ningemshauri asichague kati ya wiki moja na miezi miwili. Alale kwenye hema la nyumbani wiki za mwisho kama anaweza. Azoee mwinuko kwenye Lobuche Mashariki, mita 6,119, mlima wa jirani usiomlazimu kupita Khumbu, kama waandaaji kadhaa wanavyofanya tayari. Ndani ya Khumbu afanye mzunguko mmoja tu, kisha asubiri hali ya hewa akiwa kijiji cha chini. Ratiba ya namna hiyo huchukua kama mwezi. Iwe na siku za ziada, kwa kuwa mtu mwenye tiketi ya kurudi Alhamisi huuona upepo wa Jumanne kuwa mdogo kuliko ulivyo.

Na kabla ya kulipa, amwandikie mwandaaji kuuliza mambo ambayo kwa kawaida hayamo kwenye bei: kila mfanyakazi wake atapita Khumbu mara ngapi msimu huu na kwa mzigo wa kilo ngapi, Msherpa atakayekwenda naye kileleni amepangiwa mitungi mingapi, na je, ni yake mwenyewe au ndiyo hiyohiyo atakayotakiwa kumpa mgeni akiishiwa, bima ya huyo Msherpa italipa familia yake kiasi gani. Mwandaaji asiyeweza kujibu hayo kwa tarakimu, asipewe fedha.