Ziara ya Ahmed

Mwaka jana safari yetu ilifia kwenye barua. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi hapa Mombasa, na kosa langu lilikuwa kusema kweli. Niliwaandikia wazazi kwamba tunawapeleka watoto Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wakajifunze kuhusu Mvulana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, mifupa ya miaka kama milioni moja na nusu. Mzazi mmoja akajibu: makumbusho si hii hapa Fort Jesus? Nairobi mwafuata nini? Mwingine akasema mwanawe hawezi kukosa usingizi kwa sababu ya mifupa ya mtoto wa watu. Waliolipa walikuwa sita, na mmoja wao akarudi kudai pesa zake.

Mwaka huu nikajifanya mjanja. Mifupa sitaitaja. Nitamtaja Ahmed.

Ahmed alikuwa ndovu wa Marsabit, mwenye pembe ndefu hata zikikaribia kugusa ardhi, kila moja kilo 67 hivi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, akawekewa askari wa bunduki usiku na mchana, heshima ambayo hakuna mwalimu niliyemsikia ameipata. Akafa kwa uzee mwaka 1974. Leo mifupa yake iko ndani ya makumbusho, na sanamu yake kubwa imesimama uani.

Lakini nikisema "ndovu" nitaambiwa ndovu wamejaa Tsavo. Kwa hiyo nikaandika kwa fumbo, ili wazazi wapate hamu:

"ZIARA. Tutamzuru Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais na kufariki mwaka 1974. Watu wa mataifa mbalimbali humzuru hadi leo."

Nimezaliwa Mji wa Kale mimi. Nimekua nikiona watu wakifunga safari ya Lamu wakati wa Maulidi, wakazuru kaburi la Habib Swaleh, yule mwanachuoni wa Kiislamu. Neno ziara nalijua uzito wake. Siku ile sijui lilinipita vipi.

Pesa zikaingia kwa siku tatu. Mzazi mmoja aliongeza mia tano akaniambia, "Hii ni sadaka." Nikaona ni mtu mkarimu, nikainunulia soda. Kisha maswali yakaanza kwenye kundi letu la WhatsApp.

"Mwalimu, kutakuwa na kisomo?"

"Kisomo kipo," nikajibu, "tena ndicho kinachotupeleka. Waje na daftari."

"Na wavulana wavae kofia?"

"Kofia ni lazima." Nilikuwa nafikiria jua.

Nyanya yake mwanafunzi wangu mmoja akanipigia simu kabisa. Alitaka kujua Ahmed ni wa mlango gani. Nikamwambia sina hakika na ukoo wake, ila alikuwa mkubwa sana na kila mtu alimheshimu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi na mimi naja." Nyanya wengine wanne wakamfuata. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba watu wa Mombasa hatimaye wameipenda sayansi.

Asubuhi ya safari, stesheni ya treni ya Miritini, nikaona wavulana wangu wamevaa kanzu nyeupe na kofia za viua. Nikadhani wameagizwa na madrasa. Nikamwona pia ustadh mmoja na kitabu kwapani. Nikadhani ni abiria.

Pale stesheni mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi wakapita kunusa. Nyanya yule wa simu alikuwa amekikumbatia kikapu chake, hataki kilambwe na mbwa. Akabembelezwa mpaka akakitua. Mbwa akafika, akanusa, akapiga chafya, akakaa chini kitako. Afande akauliza kikapu ni cha nani.

Kikafunguliwa. Chetezo. Udi. Ubani. Makaa. Kiberiti. Mrashi wa marashi ya waridi. Halua kilo mbili.

"Mama, hivi vyote ni vya nini?"

"Vya Ahmed."

"Ahmed yupi?"

"Muulize mwalimu, ndiye anayemjua."

Mstari mzima ukanigeukia. "Ahmed wa Marsabit, afande," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua.

Afande akacheka mpaka mbwa akamtazama. "Yule ndovu?"

Nimewahi kusikia kimya cha mtihani wa taifa. Hiki kilikishinda. Ustadh akakihamisha kitabu kutoka kwapa hili hadi lile, akakumbuka ana darsa Kisauni. Mzazi wa mia tano, aliyekuja kumsindikiza mwanawe, alinitazama tu. Ile soda ikanirudi kooni.

Nyanya ndiye aliyezungumza kwanza. "Ndovu," akasema polepole. "Nami nimekesha nikipika halua." Kisha: "Tikiti inarudishwa?" Nikamwambia sijui. "Basi twende."

Makaa na kiberiti vilibaki Miritini. Halua ikapanda, na haikufika Voi. Tsavo tuliona ndovu wekundu kwa udongo wa kule, watoto wakapiga kelele, nyanya akanitupia jicho moja tu.

Makumbusho, alisimama chini ya sanamu ile muda mrefu, shingo juu, akizifuata pembe kwa macho. Nikadhani sasa nitatukanwa. Akatoa mrashi mkobani akanyunyiza mara tatu. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, hairuhusiwi kumgusa!"

"Nimemgusa wapi? Nimemrashia."

Tukaingia ndani, tukaikuta mifupa.

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ndiye Ahmed mwenyewe, Bi Mkubwa. Yule wa nje ni sanamu."

Akautikisa mrashi sikioni. Mtupu.

"Lakini wewe mwalimu," akasema, "khabari ukiitoa nzima utakufa?"