Siku nilipovuka mstari mbele ya mama mkwe

Kabla hujanicheka, jua kwanza kwamba ramani ilikuwa nzuri. Niliichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa rula ya Kulwa na penseli ya Doto. Uwanja wetu wa nyuma hapa Kinyerezi ni mita 8 kwa 11. Ukitoa chemba, tenki la maji na kamba za kuanikia nguo, kinachobaki si haba. Upande wa kulia, watoto: bembea na shimo la mchanga. Upande wa kushoto, chini ya mwembe, watu wazima, yaani mimi. Katikati nikapiga mstari wa chokaa kama wa uwanja wa mpira, na sheria moja: asivuke mtu.

Mke wangu akaitazama ile ramani kwa muda. "Na mimi nakaa wapi hapa?"

Nikamwonyesha mwembe.

"Si umesema hapo ni pa hicho kitanda chako?"

Nikamwambia tutapokezana. Akaguna. Mke wangu ni mtu wa Pangani, akiguna ujue kesi imeshaamuliwa, wewe ndiye hujasomewa hukumu.

Kitanda chenyewe ni kile cha kamba cha kuning'iniza, wanachojilaza watalii ufukweni. Yeye alikiita machela. Nilimwambia machela ni ya kubebea wagonjwa. Akasema anajua.

Kazi ikaanza kwa kung'oa minyaa. Ua huo tuliukuta tulipohamia, na ule utomvu wake mweupe ukimwingia mtoto jichoni ni safari ya hospitali usiku usiku. Fundi wa bustani alikuwa mtu mwangalifu, akaja na miwani ya jua ya mkewe, ile mikubwa yenye vijiwe vinavyometameta pembeni. Alikata minyaa kutwa nzima akionekana kama mwimbaji wa taarabu aliyefilisika. Fundi wa kuchomelea naye akaunda bembea kwa bomba za inchi 2, miguu yake tukaizamisha kwenye zege. Nyasi tukapanda pasipalamu mwanzoni mwa Machi, ili masika itumwagilie bure. Upande wa watoto zikashika vizuri. Chini ya mwembe zikagoma kabisa, kivuli kimezidi, fundi akasema pale weka kokoto tu. Nikaweka kokoto. Zikumbuke hizo kokoto.

Mchanga wa mtoni uliletwa na Kanta, na watoto wakafurahi siku mbili kamili. Siku ya tatu Doto akaja na uso wa mpelelezi. "Baba, paka wamezika vitu."

Inaonekana paka wa mtaa mzima walikuwa wakisubiri mtu awajengee choo. Nikanunua turubai, nikatangaza kila jioni shimo lifunikwe. Mfunikaji niliyemteua ni mimi.

Jumamosi moja mama mkwe akafika kutoka Pangani na gunia la nazi. Kwa malezi niliyopewa kwetu Magu, mkwe unamsalimia umeinamisha macho, na hata kicheko unakipima. Jioni ile kwa pilikapilika za mgeni, turubai nililisahau.

Jumapili tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama akatandikiwa mkeka barazani, akawa anautazama uwanja. Nami, kwa kutaka aone mkwe wake ni mtu wa maendeleo, nikavua viatu, nikaenda kujilaza kwenye machela nikiwa na suruali yangu ya wageni.

Sasa, kwenye ule mwembe kulikuwa na majani yaliyoshikana mafungu mafungu kama mipira. Nilikuwa nimeyaona siku nyingi, nikadhani ni ugonjwa, hata nikapanga kumuuliza bwana shamba. Mimi nimekulia kwenye pamba na ng'ombe. Nani angeniambia kwamba zile ni nyumba za majimoto, wale sisimizi wekundu, ambao huyashona majani kwa nyuzi zinazotoka kwa watoto wao? Wametulia kwao huko juu, halafu mimi nikaja kufunga kamba kwenye shina, nikawajengea daraja mpaka sikioni.

Wa kwanza alikuwa sikioni kweli. Nikampiga kibao, nikajiumiza mwenyewe. Wa pili shingoni. Nikainua kichwa kutazama ile kamba, na kamba ilikuwa nyekundu, nayo inatembea.

Wale wadudu, naapa, huwa wanasubiri wote wapate nafasi. Halafu kuna mmoja anapuliza filimbi. Jimoto haling'ati likaondoka: linang'ata, linainua mkia, linakupulizia asidi palepale kwenye kidonda. Na machela si kitu cha kutoka kwa haraka. Kadiri nilivyojipindua ndivyo kilivyonifunga, nikawa kama samaki kwenye jarife. Kikanizungusha mara moja na kunimwaga. Juu ya kokoto. Miguu mitupu.

Ningeweza kuvumilia, lakini mmoja wao alikuwa ametangulia mbali kuliko wenzake, ndani ya suruali, na alikuwa bado anapanda.

Nikaivua.

Boksa niliyovaa niliipata kwenye mitumba ya Karume, nyekundu, imejaa midomo ya busu. Bei ilikuwa ya kutupa, na sikutegemea kamwe kwamba mtu wa Pangani angeiona. Nikaruka mstari wa chokaa, nikajitupa kwenye mchanga, nikagaragara kama punda. Turubai nililikumbuka kwenye mgaragaro wa tatu, kwa njia ya pua.

Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa ameshageuka ukutani, khanga usoni, mabega yanatikisika. Mke wangu alikuwa ameshikilia nguzo ya baraza. Kulwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Baba, umevuka mstari."

"Mlijua kuna majimoto?"

"Tulijua. Ndiyo maana hatukai kule."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ulisema upande ule mambo ya watu wazima, tusiingilie."

Barazani ikasikika sauti, bado imeelekea ukutani. "Baba Kulwa, usije ukawamwagia dawa hao. Kwetu mnazi wenye majimoto haupukutishi nazi changa." Kimya kidogo. "Ila suruali, baba, vaa."

Nilirudi baada ya kuoga mara mbili, nikakuta ameshaomba mafuta ya taa. Alilowesha vitambaa viwili, akavifunga kwenye ile kamba karibu na shina, akapangusa machela kwa ufagio, akajilaza. Akalala mpaka magharibi, kokoto zote zimetulia, upepo unapita. Mke wangu akamfunika miguu kwa kitenge.

Mimi nilikuwa upande wa watoto, nimechuchumaa na chekeche, nachekecha mchanga. Kulwa alisimamia.