Likizo Bila Malipo Hotelini: Nani Analipia Masika?

Masika yakikaribia, wafanyakazi wa hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, Mombasa nchini Kenya, huanza kuziogopa barua: kaa nyumbani likizo bila malipo, hali ikitengemaa utaitwa. Anayekataa kutia saini huonekana mkaidi, hata na wenzake, wanaomwambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Mtu huyo anaonewa.

Mwenye hoteli naye ana hoja. Aprili hadi Juni vyumba vingi huwa vitupu, ilhali bili ya stima na mkopo wa benki havijui mvua. Akipunguza watu kwa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, itambidi atoe notisi ya mwezi kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa leba, alipe kiinua mgongo, kisha Julai aanze kusaka wapishi upya.

Lakini tupige hesabu. Kiinua mgongo hicho si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, yaani kama nusu mwezi. Mhudumu wa shilingi 24,000 aliyetumika miaka 8 anadai takriban 96,000. Mkalishe nyumbani miezi 4 bila malipo: hoteli imeokoa 96,000 zile zile. Gharama ya kumwachisha imelipwa, ila ametoa yeye, na kazi yenyewe bado haina uhakika. Ni kweli haki yake ya kiinua mgongo haijafutika, lakini mwenye nyumba wa Kisauni hapokei haki, anapokea kodi. Bila mshahara hakuna makato: akiba ya uzeeni ya NSSF inasimama, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA haiendi, na mkopo wa sacco unawageukia wadhamini wake, ambao pengine nao wako nyumbani wanakaanga viazi karai.

Sheria hiyo haimpi mwajiri ruhusa ya kufanya haya kwa amri yake tu. Kifungu cha 10 kinataka mfanyakazi ashauriwe na mabadiliko yaandikwe. Saini ndiyo inayomwokoa mwajiri. Ndiyo maana inaharakishwa, mara nyingi jioni, zamu ikiisha!

Na hiyo "hali ikitengemaa" ndiyo sumu. Mwaka 2020, corona ilipofunga hoteli za Pwani, wengi waliondoka na maneno kama hayo. Madai ya ajira yana miaka 3 ya kufikishwa mahakamani, na anayengoja simu hajui hata saa ilianza kuhesabu lini.

Hoteli yenye nia njema ingetumia kwanza siku 21 za likizo ya mwaka, zenye malipo kamili, halafu zamu za wiki mbili mbili kwa nusu mshahara, kwa makubaliano. Ikibidi iwe likizo bila malipo, barua itaje tarehe ya kurudi, nani analipia SHA, na kwamba miaka ya utumishi haikatiki. Isiyo na tarehe ipelekwe kwa chama kabla ya kalamu kuguswa.