Nusu Niliyoiuza Ilikuwa Theluthi

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kusambaza sauti ya dakika nne katika kundi la WhatsApp la mtaa, akidai kwamba nilikamatwa nikiwaibia wazazi njugu, nimeona heri nieleze mwenyewe kabla habari haijamfikia mama mkwe ikiwa imetiwa chumvi. Si kweli kwamba nilikamatwa. Nilisahihishwa, na aliyenisahihisha alikuwa amevaa sare ya shule na soksi moja iliyoteremka hadi kwenye kiatu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya michezo katika shule ya mwanangu hapa Umoja, nami nilikuwa nimepewa meza ya njugu karanga karibu na lango. Kipimo changu kilikuwa mkebe wenye kipenyo cha sentimita 8 na kimo cha sentimita 8, na mkebe mzima niliuuza kwa shilingi 120. Kwa wenye mifuko myepesi nilisokota karatasi za manila zikawa na umbo la pia, yaani koni yenye ncha chini, mdomo na kimo chake sawasawa na vya mkebe, nikaandika kwa kalamu nyekundu: NUSU MKEBE, SHILINGI 60. Sikupima. Kulikuwa na haja gani ya kupima, ilhali kila aliyepita darasani anajua kwamba pembetatu ni nusu ya mstatili? (Walimu wa hesabu mnaonifuata hapa, najua mmekwisha kushika vichwa, nawaomba mvumilie.)

Mambo yakaenda vyema hadi saa sita, mifuko ya kufungia iliponiishia na mama mmoja akataka mkebe mzima. Nikamsogezea pia mbili zilizojaa na kumwambia kwa sauti ya mfanyabiashara mkongwe, "Chukua hizi mbili, mama, ni mkebe ule ule." Binti yake, mwanafunzi wa gredi ya tisa, alizitazama zile pia, akautazama mkebe, kisha akasema, "Samahani, mjomba, naomba huo mkebe."

Nikampa. Mtu mwenye akili angejifanya amepigiwa simu.

Alimimina pia ya kwanza polepole, kama muuguzi anayepima dawa. Njugu ziligonga bati, zikazunguka, zikatulia chini bila kufika hata sentimita 3. Nikajiambia kwamba ni macho yangu. Akamimina ya pili. Kufikia hapo foleni nzima ilikuwa imeacha foleni na kuizunguka meza, na rafiki yangu, ambaye nilikuwa nimemwalika anisaidie, alikuwa amekwisha kuchomoa simu. Njugu zilipanda, zikapanda, kisha zikasimama kidogo tu juu ya sentimita 5. Mkebe ulibaki na pengo ambalo ningeweza kulitia ngumi yangu na aibu yangu pamoja. Nikadai kwamba zimekwama, nikaunyakua mkebe, nikautikisa kwa nguvu. Zikashuka zaidi. Kuna mzee aliyecheka hadi akaomba kiti. Binti akanyoosha mkono, akachukua pia ya tatu mezani bila kuomba, akaimimina yote, na njugu zikalingana na ukingo, ikabaki moja juu. Akaila.

Nilijitetea kwa ile pembetatu yangu. "Hiyo ni ya kwenye karatasi, mjomba," akanijibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi, "lakini njugu zina unene." Akanieleza kwamba katikati ya kimo cha pia, kipenyo hupungua hadi nusu lakini eneo hupungua hadi robo, kwa hiyo nusu ya chini ya pia nzima hubeba thumuni tu, yaani moja ya nane, ya njugu zake. Kisha akaokota mpira uliokuwa wa mchezo wa kulenga mikebe, akautumbukiza katika mkebe wangu aliokwisha kuumwaga, nao ukaenea barabara, ukigusa chini, pembeni na usawa wa mdomo. "Mpira huu ni theluthi mbili za mkebe. Nafasi iliyobaki kandokando inatosha pia moja. Pia moja, mpira mbili, mkebe tatu." Wazazi wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa sababu sikujua mikono yangu iende wapi.

Yaliyofuata ni mafupi: mwenyekiti wa wazazi aliamua kwamba bei ya haki ilikuwa shilingi 40, nikawarudishia watu shilingi 20 kwa kila pia, nazo zilikuwa 31, jumla shilingi 620. Waliojitokeza kudai walikuwa wengi kuliko walionunua.

Usiku nilikosa usingizi, nikasoma. Kumbe Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati Mgiriki wa kale aliyeuawa mwaka 212 KK, aliuonea fahari uwiano huo wa tufe (umbo la mpira) na mcheduara (umbo la mkebe) kuliko kazi zake nyingine, akataka maumbo hayo mawili yawekwe kaburini kwake. Cicero, mwanasiasa wa Roma, alipokuwa afisa huko Sicilia mwaka 75 KK, alilitambua kaburi hilo katikati ya vichaka vya miiba kwa sababu ya tufe na mcheduara juu ya nguzo yake. Mimi sikuhitaji kusubiri kufa, kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kunitengenezea stika: uso wangu ndani ya pia ya manila, mdomo wazi.

Leo asubuhi nilipanda matatu kwenda mjini, nikampa konda noti ya mia. Nauli ilikuwa hamsini. Akanitazama, akamtazama dereva, akaniuliza mbele ya abiria wote kama nusu ninayodai nimeipima.