Pombe ya kibali

Binti wa mama mdogo, mzaliwa wa Ujiji kama mimi, amefanya kazi za ndani Muscat, Oman, miaka minne. Aliporudi tulidhani atasimulia joto au mshahara. Akasimulia glasi. Mabosi wake walikuwa mume na mke kutoka Ulaya, na kila Alhamisi usiku (mapumziko kule ni Ijumaa na Jumamosi) nyumba ilijaa wageni wenzao. "Naziosha moja moja, kaka. Zile za mguu mrefu ukizibana tu zinakukata. Nikimaliza natawadha, naswali, ndiyo nalala."

Mama yake akashusha kikombe cha chai. "Wewe, si Uarabuni kule? Pombe wameitoa wapi?"

Wameitoa kwenye kibali, mama mdogo. Oman hawauzi pombe kwa kila anayepita. Hoteli zenye leseni zinauza, na mgeni mkazi asiye Mwislamu anaruhusiwa kuomba kibali polisi, akanunue kwenye duka maalumu, akanywee kwake. Kiasi cha kununua kinapimwa kwa mshahara, kwa hiyo mwenye mshahara mnono ana kiu kubwa kisheria. Ramadhani ikiingia, baa za hotelini zinasitisha.

Wenzangu wengi hapa Kigoma wakisikia hivyo wanacheka, wanasema ni unafiki. Mimi sisemi hivyo. Mimi mwenyewe sinywi, na nchi ya Kiislamu ikiamua pombe ikae ndani ya kuta, ni nyumba yao. Kinachonikera ni kile alichokisema dada yule baadaye, bila hata kukitilia maanani: miaka minne, sura zilezile. Kila Alhamisi watu walewale, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kwa sababu ndipo chupa iliporuhusiwa kuwa. Hakumbuki Mwomani hata mmoja aliyekaa kwenye makochi yale. Aliyewahi kuingia ni mwenye nyumba, alikuja kuangalia kiyoyozi, akasimama mlangoni.

Kwa hiyo kibali hakijazuia pombe. Kimepanga nani akae na nani. Mgeni anaishi nchi ya watu, anamaliza mkataba, anaondoka anawajua wageni wenzake tu na binti wa Ujiji anayeosha glasi.

Huku kwetu mambo ni mengine. Wazungu wa mashirika ya wakimbizi tunao miaka mingi, maana Burundi na Kongo zikichafuka, watu wanakimbilia kwetu. Jioni utamkuta mmoja wao Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma, kwenye kiti cha plastiki, kushoto kwake fundi pikipiki, kulia kwake hajji mzima na soda yake ya tangawizi, wanabishana bei ya migebuka, samaki wa ziwa letu. Sheria yetu ya Vileo ni ya mwaka 1968 na haimuulizi mnywaji dini yake. Inauliza leseni ya muuzaji na saa ya kufungua: siku za kazi, baa ni saa 10 jioni mpaka saa 5 usiku.

Inauliza, ila nani anajibu? Jirani na tunapoishi kuna grosari ya pombe inafungua mapema kuliko duka la mikate. Watoto wa madrasa wanapita na misahafu yao, muziki uko juu, na adhana ya Adhuhuri unaisikia nusu. Tumelalamika kwa wahusika mara mbili, tukaambiwa tusubiri. Ningekuwa na sauti, ningetaka ukali wa Waarabu uletwe hapo, kwenye saa na kwenye umbali na msikiti. Wao wameuelekeza kwenye pasipoti na dini ya mtu.

Halafu ukali wenyewe unayumba na pesa. Dubai walifuta kodi ya asilimia 30 ya pombe Januari 2023, wakairudisha Januari 2025. Na wala tusiende mbali: Zanzibar, Januari 2024, vileo viliadimika kwa mgogoro wa vibali vya kuagiza, mahoteli yakapiga kelele, waziri wa utalii akajiuzulu. Kisiwa cha misikiti, serikali ikatikisika kwa uhaba wa bia!

Juzi nilimpeleka dada yule Mwanga kula mishikaki, ng'ambo ya barabara na baa. Akamwona mzungu kakaa na madereva wa bodaboda, anacheka, chupa mdomoni. Akamtazama muda mrefu.

"Mbona huyu anakunywa na chupa? Hawana glasi?"

Nikamwambia glasi zipo, ila nani atamwoshea?