Viatu vya Bowie vina fundi wake

Januari ikiingia huwa najua kinachokuja. David Bowie, yule mwanamuziki wa roki wa Uingereza, alizaliwa tarehe 8, akafariki tarehe 10, kwa hiyo wiki nzima simu yangu inajaa picha zake: nywele nyekundu, wanja, na miguuni soli nene kama tofali. Maelezo ni yaleyale kila mwaka. Jamaa alizaliwa kabla ya wakati wake. Jamaa alikuwa mbunifu hatari. Haya, tumesikia. Na viatu alijishonea mwenyewe, siyo?

Mwaka huu nimeshindwa kunyamaza. Namtaja Terry de Havilland, fundi viatu.

Alizaliwa 1938, mashariki mwa London, jina la nyumbani Terrence Higgins. Baba fundi viatu, mama naye yumo kwenye kazi hiyohiyo, na mtoto akaanza kugonga misumari mapema. Ujanani akaenda Roma kutafuta uigizaji. Jina la Higgins akaona halina mvuto, akajipachika de Havilland. (Msimcheke. Nawajua vijana wa hapa mjini ambao bibi zao hawawezi kuwapata mtandaoni kwa majina waliyowapa.) Uigizaji haukumlipa, akarudi karakanani kwa baba.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penyewe. Mwishoni mwa miaka ya 60, akipekua vitu vya zamani vya baba yake, anakuta vipande vya soli za miaka ya 40: soli nzima kutoka kisigino hadi mbele, zenye ngazi tatu. Mwingine angevitupa. Yeye akavivalisha ngozi ya nyoka, viraka vya rangi tofauti vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, na London ikachanganyikiwa. Yaani kile mnachokiita fasheni ya nyota wa roki kilikuwa kazi ya mzee mmoja iliyolala kwenye vumbi miaka zaidi ya ishirini, ikisubiri mwanawe aione. Mzee mwenyewe hakuufaidi umaarufu huo muda mrefu. Mwaka 1970 alipigwa shoti ya umeme humohumo karakanani, akafa. Kijana akabeba kazi yote.

1972 akafungua duka King's Road, Chelsea, akaliita Cobblers to the World. Mafundi viatu wa dunia nzima, ukitaka, ila mitaani kwao neno hilohilo "cobblers" lina maana ya upuuzi mtupu, na alijua anachokifanya. Bowie alikuwa mteja. Bianca Jagger, mke wa Mick Jagger wa Rolling Stones siku hizo, mteja. Mwigizaji Tim Curry alipopanda visigino vyake kwenye filamu ya Rocky Horror, fundi alikuwa huyuhuyu. Wote hao mnawajua. Yeye je?

Najua kuna mjuaji atakayeniambia Ferragamo, fundi viatu wa Italia, alishatengeneza soli nene ya rangi za upinde wa mvua 1938. Sawa, alitengeneza. Na hao nyoka hawakuombwa ruhusa, hilo nalo nakubali, ingawa sipendi kulikubali katikati ya sifa.

Na msiniambie ni habari za Wazungu. Raizoni, yaani viatu hivyohivyo vya soli nene, zilitua hapa Dar pamoja na bugaluu, suruali za miguu mipana, miaka michache tu baada ya Operesheni Vijana kuwakimbiza watu kwa vimini na suruali za kubana. Shangazi yangu alikuwa na jozi moja ya kahawia. Siku ya kwanza kuivaa alishuka ngazi ya basi, mguu ukapinda, akatua kwenye kapu la nyanya la mama wa watu. Alilipa nyanya. Viatu hakuviacha. Hadi leo ukimuuliza nani alivitengeneza anakutajia mwanamuziki.

Cobblers to the World ilifungwa 1979. De Havilland hakwenda kulala. Alihamia kwenye viatu vya vijana wa muziki wa panki, na hata uzeeni jina lake lilirudi madukani. Alifariki Novemba 2019, akiwa na miaka 81. Hakuna aliyenijazia simu wiki hiyo.

Labda nisingeandika yote haya kama si Jumamosi iliyopita. Niko chini ya mwembe kwa fundi wetu, kiatu changu kimeachama mdomo. Mbele yangu kuna kaka mmoja, simu yake ya mamilioni mkononi, anabishia elfu tatu. "Fundi, acha hizo bwana, si gundi tu hiyo?" Fundi ana misumari miwili mdomoni, hajibu. Anachomeka msharasi, anavuta uzi uliopakwa nta, anachomeka tena. Yule kaka akatoa elfu mbili, akaondoka akinung'unika kama aliyeibiwa.

Zamu yangu ilipofika nikamwonyesha fundi picha: kile kiatu cha ngazi tatu. Akatoa misumari mdomoni, akafuta vidole kwenye aproni, akaikuza picha kwa muda mrefu. Hakuuliza kiatu ni cha nani.

"Kila ngazi imevalishwa ngozi peke yake," akasema. "Unaona hapa? Halafu ndiyo zikaunganishwa. Ya chini ikikaa upande, mvaaji anaanguka."

"Akianguka?"

"Atasema fundi mbovu." Akanirudishia simu. "Lete na cha kushoto, nacho kinaanza kuachia."